Kusoma ng'ambo si kupanda ndege tu

(Haya ni mazungumzo ya juma yaliyosikika redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa kwa faida ya wale ambao hawakuyasikia.)

 

Juma hili nilikuwa nimekusudia kuzungumza nawe juu ya bei ya mtama. Lakini Jumanne asubuhi nilipita katika soko la Majengo kununua kitoweo, na niliyoyasikia pale yamenilazimisha kuiweka kando bei ya mtama hadi siku nyingine.

Yupo mama mmoja muuza dagaa ambaye tumefahamiana kwa miaka mingi. Alinipimia dagaa wangu, akanifungia, kisha akanitazama usoni akasema, "Kaka, mimi sauti yako siku hizi naiogopa." Nilicheka, nikidhani ni utani wa sokoni. Yeye hakucheka. Akasema, "Wewe ndiye uliyesoma lile tangazo."

Ndugu msikilizaji, tangazo lenyewe nalikumbuka. Lilihusu wakala mmoja aliyedai kuwapeleka vijana kusoma udaktari nchi za nje, "nafasi ni chache, wahi sasa". Nililisoma mara tatu kwa siku kwa muda wa majuma mawili, tena kwa sauti ya furaha. Mama huyu alilisikia akiwa sokoni pale pale. Binti yake alikuwa amemaliza kidato cha sita akiwa amesoma fizikia, kemia na biolojia, na alama zake hazikutosha kuingia udaktari katika vyuo vya hapa nyumbani. Mama alikuwa na kiwanja chake Nkuhungu, alichokinunua kwa bei nafuu kabla ya mwaka 2016, serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo na viwanja vikaanza kupanda bei. Akakiuza kwa shilingi milioni tisa. Fedha ile ikaenda kwa wakala: ada ya mwanzo, viza, nauli, na kitu kilichoitwa gharama za ofisi.

Binti akasafiri. Alipofika huko, ambako jina sikutaji kwani kosa si la nchi ile, akakuta kwamba mwaka wa kwanza wote ni wa kujifunza lugha. Akakuta pia kwamba chuo chenyewe hakifundishi udaktari. Barua ya udahili ilikuwa imeandika "sayansi za afya", na hakuna mtu nyumbani aliyeisoma hadi mwisho. Baada ya miezi saba fedha zilikwisha. Mama akakopa kikundi cha akina mama ili kulipa nauli ya kumrudisha mtoto. Wakala yule amekwisha funga ofisi. Simu yake haipatikani.

Chuoni tulikosomea uandishi wa habari, wengine wetu kwa stashahada, tulifundishwa kwamba habari isisomwe mpaka ithibitishwe na watu wawili. Juu ya tangazo la kulipiwa hatukufundishwa kitu. Nilijiambia kwamba kazi ya mtangazaji ni kusoma tu. Leo najua kwamba kwa msikilizaji sauti ni ile ile, iwe inasoma habari au inasoma tangazo. Kwa hiyo mazungumzo ya leo ni deni ninalolilipa.

Kwanza niseme wazi kwamba sipingi kusoma nje. La hasha! Nchi yetu imejengwa pia na watu waliotoka wakarudi. Mwalimu Nyerere alisoma Makerere, akafundisha Tabora, ndipo mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uingereza. Mwaka 1952 akarejea na shahada yake, akaenda kufundisha Pugu. Jirani zetu wa Kenya nao, mwaka 1959, wakati Tom Mboya alipohangaikia nafasi za masomo Marekani, walipeleka ndege ya kwanza ikiwa na wanafunzi 81. Hadi mwaka 1963 vijana karibu 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamekwenda kwa njia hiyo, wakiwamo wa kutoka Tanganyika. Mmojawapo alikuwa Wangari Maathai, aliyekwenda Kansas mwaka 1960 kusoma biolojia, na mwaka 2004 akatunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani.

Lakini tuangalie safari zile zilivyokuwa. Vijana wale hawakutumwa na tangazo. Kila mmoja alikuwa na chuo kilichokwisha kumkubali kwa jina. Nyuma yake palikuwa na watu waliojua anakwenda kusoma nini, na wengi wao walikuwa wamechanga senti zao. Akipotea, wapo wa kumwuliza. Siku hizi kijana anaondoka akiwa anajulikana na watu watatu tu: mama yake, wakala na afisa wa viza. Na katika hao watatu, mwenye kujua ukweli wote ni mmoja, naye ndiye anayelipwa.

Basi, wewe kijana uliyeko chuoni, au unayesubiri kuingia chuo, na wewe mzazi unayeombwa fedha, naomba mjiulize maswali haya kabla hamjauza kitu.

Swali la kwanza ni hili: unakwenda kusoma nini ambacho hapa hakipo, au hapa hakitoshi? Nchi hii ya leo si ile ya mwaka 1961, ambapo chuo kikuu chetu cha Dar es Salaam kilianza na kitivo kimoja tu cha sheria. Hapa Dodoma peke yake tuna Chuo Kikuu cha Dodoma tangu mwaka 2007, tuna Chuo cha Mipango, tuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, tuna Chuo cha Elimu ya Biashara. Mwaka 2023 Wahindi wamekuja kufungua Zanzibar tawi la chuo chao mashuhuri cha teknolojia cha Madras, la kwanza nje ya India. Ikiwa somo unalolitaka linafundishwa vizuri hapa, na hapa ndipo unapotaka kufanya kazi, basi huenda shahada ya kwanza uisome nyumbani, halafu nje uende kwa shahada ya pili ukiwa mtu mzima, unayejua unatafuta nini. Aidha, ufadhili mwingi ulio mzuri uko huko kwenye shahada ya pili. Ule wa Uingereza uitwao Chevening, kwa mfano, unalipia mwaka mmoja wa shahada ya pili, lakini unataka mwombaji awe na saa 2,800 za kazi, yaani takriban miaka miwili, na akimaliza arudi kwao kwa miaka miwili isiyopungua.

Ipo pia njia ya katikati ambayo vijana wetu wengi hawaijui. Mwanafunzi aliyekwisha kuingia chuo hapa anaweza kwenda nje kwa muhula mmoja au miwili, kisha akarudi kumalizia chuo chake. Mpango wa Ulaya wa Erasmus ulianza mwaka 1987 kwa vyuo vya huko, na siku hizi huwapokea na wanafunzi wa Afrika, mradi chuo chao kiwe na makubaliano na chuo cha huko. Kwa hiyo, badala ya kuanza kwa wakala aliyeko mjini, anza kwa ofisi ya chuo chako inayoshughulikia uhusiano na vyuo vya nje. Uliza: tuna makubaliano na nani? Nafasi ngapi? Nani analipa nini? Na kabla hujaondoka, pata kwa maandishi kwamba masomo utakayofaulu kule yatahesabiwa huku. Yapo masikitiko ya watu waliosoma muhula mzima ugenini, wakarudi wakaambiwa waanze upya.

Swali la pili: je, chuo hicho kinatambuliwa? Kinatambuliwa na nani? Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ndiyo inayotambua shahada za nje hapa nchini. Mtanzania anayekwenda kusoma shahada nje hupaswa kuipata barua ya TCU ya kutokuwa na pingamizi. Watu wengi huiona barua ile kuwa ni usumbufu wa serikali. Kumbe ndiyo fursa yako ya kuuliza bila kulipa dalali. Lakini usiishie hapo. Shahada ni kitu kimoja na ruhusa ya kufanya kazi ni kitu kingine. Anayetaka kuwa daktari aende Baraza la Madaktari Tanganyika aulize masharti yao kwa waliosoma nje. Anayetaka kuwa mhandisi aulize Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Anayetaka kuwa wakili ajue kwamba bado Shule ya Sheria inamngoja hapa nyumbani. Uliza kabla ya miaka mitano, si baada ya miaka mitano.

Swali la tatu ni la fedha, na hapa ndipo nyumba nyingi zinapoangukia. Ada ni sehemu tu ya gharama. Kuna chumba, kuna chakula, kuna bima ya afya, kuna nauli za kila siku, kuna nguo za baridi kwa mtoto aliyezoea jua la Dodoma. Kuna viza na kuhuisha kibali cha kuishi. Na yote hayo hulipwa kwa fedha za kigeni, huku mama sokoni anauza dagaa kwa shilingi. Shilingi ikishuka, ada imepanda bila chuo kuandika barua.

Nitoe mfano. Ujerumani inasifika kwa kuwa vyuo vyake vingi vya serikali havitozi ada. Ni kweli, ingawa jimbo la Baden-Württemberg tangu mwaka 2017 linawatoza wageni wasio wa Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Lakini kabla ya kupewa viza, mwanafunzi asiye na mfadhili hutakiwa aonyeshe fedha za kumtunza zilizofungiwa katika akaunti maalumu. Kiwango kilichowekwa mwaka 2024 ni yuro 11,904 kwa mwaka, naye huruhusiwa kuchukua yuro 992 tu kila mwezi. Uingereza nayo hutaka fedha za matunzo ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo. Zile fedha za kuazima kwa mjomba leo na kumrudishia kesho haziwasaidii watu hawa, na wanajua kuzitambua.

"Lakini atafanya kazi huko huko." Maneno haya ndiyo mtego mkubwa kuliko yote. Kazi za wanafunzi zina mipaka ya sheria. Marekani mwenye viza ya mwanafunzi huruhusiwa kwa kawaida kufanya kazi ndani ya chuo tu, tena isizidi saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Kazi ya namna hiyo itakununulia chakula na kadi ya simu. Haitalipa ada. Anayezidisha saa anavunja sheria, na anayevunja sheria anarudishwa.

Na juu ya ufadhili, kanuni ni fupi: mfadhili wa kweli anakupa fedha, hakuombi. Ukiambiwa umepata ufadhili wa asilimia mia moja, ila tuma kwanza dola mia tatu za kufungulia faili, funga simu. Bodi yetu ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, imewasaidia wengi, lakini hasa wanaosoma vyuo vya hapa nchini. Usipange safari kwa kutumaini kwamba mkopo utakufuata ng'ambo kabla hujauliza.

Swali la nne ni la makaratasi na muda. Haraka haraka haina baraka. Mwenye kutaka kuondoka Septemba aanze kujiandaa mwaka mmoja na nusu kabla. Kwanza yaangalie majina yako. Nasema hivi kwa sababu nimeona mengi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwajuma, cha kidato cha nne kinasema Mwajumah, kitambulisho cha taifa kimeweka jina la babu mahali pa jina la baba. Hapa Majengo tunajuana, hakuna anayejali. Afisa wa ubalozi hakujui. Kwake yeye hao ni watu watatu. Kusahihisha majina kunataka wakili, kiapo, na miguu ya kwenda ofisi hii na ile. Hati ya kusafiria ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, ni shilingi 150,000, na bila cheti cha kuzaliwa na namba ya kitambulisho cha taifa maombi yako hayasogei. Kisha kuna mtihani wa lugha, kuna barua za walimu wako, kuna kuomba chuo na kungoja majibu, kuna foleni ya viza. Omba zaidi ya chuo kimoja, na zaidi ya nchi moja. Mwezi Desemba 2025 Marekani ilitangaza vizuizi vya viza, zikiwamo za wanafunzi, kwa nchi kadhaa, na Tanzania ikawamo. Waliokuwa wameweka mayai yote katika kapu hilo walilala wakiwa wasafiri, wakaamka hawana safari.

Na barua ya udahili, ndugu zangu, isomeni yote. Kama imeandikwa lugha msiyoijua, mtafuteni anayeijua. Someni jina la kozi, lugha ya kufundishia, idadi ya miaka, ada ya kila mwaka na si ya mwaka wa kwanza pekee, na masharti ya kurudishiwa fedha. Kisha andikieni chuo chenyewe, kwa anwani mliyoitafuta wenyewe na si ile mliyopewa na wakala, muulize kama barua ile ni yao.

Swali la tano ni usalama. Januari 2020 mji wa Wuhan, China, ulipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, wanafunzi wetu walijikuta wamefungiwa mabwenini. Februari 2022 vita vilipoanza Ukraine, wengine walikimbilia mipakani. Aprili 2023 mapigano ya Sudan yalipoanza, serikali iliwarudisha vijana wetu kwa ndege kupitia Ethiopia. Oktoba mwaka huo huo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kwa mafunzo ya kilimo waliuawa. Hakuna aliyejua mapema. Lakini walioandikisha majina yao ubalozini, na waliokuwa na umoja wao wa wanafunzi, walitafutwa kwa urahisi zaidi. Ukifika, juma la kwanza, ujue ubalozi wako uko wapi hata kama uko nchi jirani.

Jihadharini pia na kazi zinazovikwa joho la masomo. Oktoba 2024 shirika la habari la AP lilieleza jinsi mpango mmoja wa Urusi, huko Alabuga, ulivyowavutia wasichana wa Kiafrika wa miaka 18 hadi 22 kwa ahadi za kazi na mafunzo, wakaishia kuunganisha ndege za kivita zisizo na rubani. Ukiona masomo hayana mtaala, hayana cheti, wala hayajali ulipata alama gani, jua kwamba kinachotafutwa ni mikono yako.

Swali la sita na la mwisho: utarudi na nini, kwa nani? Sisemi kila mtu lazima arudi kesho yake. Nasema asiyejua atarudije hajapanga safari, amepanga kuondoka.

Kabla sijamaliza, niwakumbushe kwamba "nje" si Ulaya tu. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1970 tulikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Kijana wa Kondoa aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, wa Kampala aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam, na wahandisi walikutana Nairobi. Mwaka 2017 wakuu wa Jumuiya yetu walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Kwenda Kampala au Nairobi kwa basi ni safari ya nje vilevile. Ukiishiwa, utarudi nyumbani kwa basi, na sikukuu mama anaweza kuja kukuona.

Sasa nigeuke kwetu sisi wenye vipaza sauti, na magazeti pia. Wakala anapoleta tangazo, tumwombe kwanza uthibitisho kwamba anatambuliwa na TCU, na barua ya chuo anachokiwakilisha. Asipokuwa navyo, arudi na fedha zake. Mimi binafsi nimemwambia mhariri wangu kwamba tangazo la aina hiyo sitalisoma tena bila kuyaona makaratasi hayo kwa macho yangu. Na vyuo vyetu vitoe siku moja kwa mwaka, waliosoma nje waje wawaeleze wadogo zao bila kuficha: baridi, upweke, ubaguzi, na pia maktaba zinazofunguliwa usiku kucha na walimu wanaokuuliza wewe unafikiri nini.

Jumatano jioni nilikwenda nyumbani kwa yule mama kuomba radhi. Nilikaribishwa ugali na mlenda. Nilimkuta binti amekaa na daftari lake. Sasa yuko mwaka wa pili wa uuguzi, hapa hapa Dodoma. Deni la kikundi bado wanalilipa. Nilimwomba ruhusa ya kusimulia habari zake. Alikubali kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na nisiwaambie watu kwamba amekoma.

"Waambie, mjomba," alisema, "mimi bado nataka kwenda. Nikimaliza uuguzi nitaomba tena. Safari hii barua nitaisoma mwenyewe."

Mama yake alikuwa jikoni. Sikumsikia akisema neno.

Hadi juma lijalo, tukijaliwa, tutakapozungumzia bei ya mtama, nakutakia Jumapili njema.